Jina Langu Juu ya Msalaba Wako

Kasereka, mdogo wangu,

Nimechoka. Nakuandikia nikiwa nimekalia gunia la viazi hapa dukani Butembo, maana nyumbani Mama ananitazama sana nikishika kalamu.

Wiki iliyopita walikuheshimu kule Beni. Wanajeshi walijipanga, bendi ya fanfare ikapiga, na kolonele akasoma jinsi ulivyorudi mara mbili chini ya risasi kuwabeba wenzako waliojeruhiwa, na mara ya tatu hukutoka tena. Kisha akaita, "Sajini Kambale." Mimi, mjinga, nikasimama. Mama akanivuta shati nikae. "Ikala. Hapana weye," akaninong'oneza. Akaenda yeye mbele kupokea medali, imelazwa juu ya mto mdogo mwekundu.

Nani wa kulaumu? Siku uliyoamua kuingia jeshini ulinikuta shambani Lubero, nikivuna. Shule ulikuwa umeiachia njiani. "Yaya, unipatie tu diplome yako," ukasema, ukiniita kama mdogo anavyomwita kaka yake. "Viazi haiwezi kukuuliza diplome." Tulicheka, nikakupa cheti changu cha shule, chenye jina langu. Ukaenda kambini ukiwa mimi, nami nikadhani ni karatasi tu.

Hapa kwetu kila mtu anajua Kambale ni jina la mwana wa pili na Kasereka ni la wa tatu. Jeshi halijui. Nimesimama kwenye kaburi lako nikasoma msalabani kwamba nimekufa, nikaona aibu kuliko hofu, kwa kuwa mimi sijawahi kumwokoa mtu yeyote. Mama alipoomba misa ya Kasereka, wanawake wa parokia, waliosikia kwamba aliyezikwa ni Kambale, walimuuliza amefiwa na wana wangapi. Alirudi nyumbani, akalala na viatu vyake.

Wajomba wanasema tunyamaze. Wanasema tukifungua kinywa, jeshi litasema huo ni udanganyifu na heshima yote itafutwa. Nami nimenyamaza tangu walipotuletea habari zako. Mama hagombani na mtu. Anaifuta ile medali kila asubuhi, kisha anaifunga ndani ya kitenge na kuirudisha sandukuni. Juzi nilimuuliza kwa nini haitundiki ukutani.

"Ile ni ya Kambale," akasema. "Miye niko nalilia Kasereka."

Mdogo wangu, nakukosa hata ule utani wako wa kijinga.

Kwa hiyo Jumatatu napanda pikipiki kwenda Beni, kadi yangu ya uchaguzi mfukoni. Nitawaambia kwenye bureau ya jeshi kwamba Kambale yuko hai, anauza viazi, na yale yote waliyoyasoma hakuyafanya yeye. Wakitaka medali, nitawaachia. Wakitaka kunifunga, basi wanifunge. Lakini nakuahidi, jina la msalabani litabadilika, hata kama itanibidi nilipake mimi mwenyewe kwa brashi.

Pumzika, Kasereka. Nimekuita hivyo mara nyingi leo ili ulizoee tena jina lako.

Yaya wako,
Kambale