Alichosema Mnoko Mahakamani

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa shemeji yangu Kasuku,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo huko? Ule mguu uliokusumbua wakati wa baridi umepona? Unakula vizuri, au bado unaishi kwa mkate na chai kama mgonjwa? Sisi ni wazima wa mwili. Presha ya mama yako imetulia. Binti yako ameng'oka meno ya mbele, sasa akitaja jina lake mwenyewe anapiga mluzi. Anauliza baba mdogo siku hizi amehamia wapi.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu hupokei. Sikulaumu. Mtu aliyesikia ulichosikia wewe siku ile, simu ikiwa sikioni, ana haki ya kuiogopa. Ila nimechoka kupiga na kusikiliza ikiita tu.

Kesi imekwisha. Nadhani ulishasikia kwamba dereva wa lori alishikilia kuwa kaka yako alikuwa akiendesha huku anaongea na simu, akayumba, akamwingilia mbele. Wakili wake alileta rekodi za kampuni ya simu, na kweli, wakati wa ajali wewe na kaka yako mlikuwa hewani. Mama yako alitoka nje akakaa kwenye ngazi za mahakama, na kuanzia siku hiyo hakulitaja jina lako. Haikuwa hasira, shemeji. Aliogopa asije akakuchukia.

Unamkumbuka Mnoko? Kile kidude cha bima ambacho kaka yako alikubali kifungwe chini ya usukani ili apunguziwe malipo. Ukikanyaga breki kwa nguvu kinalia, ukikata kona kwa fujo kinalia, na habari zote zinakwenda bima na kwenye simu yake. Yeye ndiye aliyekipa jina. Kikilia alikuwa anakijibu, "Haya mzee, nimesikia, usinisemee kwa mabosi." Binti yako kule nyuma anacheka mpaka anapaliwa.

Basi huyo Mnoko ndiye aliyetuokoa. Wakili wetu aliomba bima walete taarifa zake, wakamzungusha sana, nenda rudi, mwisho wakamtuma fundi wao, mama mmoja mpole mwenye sauti ndogo. Akawasha skrini ukutani. Gari la kaka yako lilikuwa nukta ya bluu. Mtu mzima na kicheko chake chote, nukta. Nilitaka kufumba macho nikashindwa.

Fundi alieleza hivi. Simu yako ilianza kuita gari likiwa kwenye mwendo wa kawaida. Nukta ikapunguza mwendo taratibu, ikatoka barabarani, ikasimama kabisa pembeni. Ndipo simu ikapokelewa. Mliongea gari likiwa limetulia, magurudumu hayakusogea hata kidogo, mpaka kilipokuja kishindo kutoka nyuma. Dereva wa lori aliulizwa gari lililoegeshwa lilimwingiliaje mbele. Akaangalia viatu vyake. Hakimu amemtia hatiani.

Kwa hiyo, Kasuku, hukumuua kaka yako. Rudia kuusoma mstari huu mpaka ukuingie.

Sasa nisikufiche la pili, maana watu watakuambia. Wakili wa lori alipoona mambo yamemharibikia alisema kwamba bila ile simu, gari lisingesimama pale. Maneno hayo yalinifuata mpaka nyumbani. Nayasikia nikifua, nayasikia nikimsuka mtoto nywele. Ni kweli, na sina dawa yake.

Nilirudi kwa yule fundi nikamwomba anioneshe safari za zamani. Kila Jumapili kuna mahali gari limesimama pembeni, mara karibu na kituo cha mafuta, mara nje ya shule, mara hapa kwenye kona ya kuingilia mtaani kwetu. Mashine imeandika: sababu haijulikani. Nilicheka huku nalia. Kusimama huko kuliwahi kutugombanisha, wewe hujui. Alikuwa anarudi kutoka sokoni amechelewa, anatabasamu peke yake, nikimuuliza ananiambia foleni. Nikaamini kabisa ana nyumba ndogo. Kumbe nyumba ndogo yenyewe ni wewe na simu zako za Jumapili. Mimi mkewe nikimpigia akiwa njiani hapokei, ananiambia baadaye, "Tungeongea tu nikifika." Wewe alikuwa anakusimamishia gari. Hakuna aliyemlazimisha, alitaka mwenyewe akusikilize vizuri.

Kuna jambo jingine sijamwambia mtu. Simu yake ninayo, huwa naichaji. Gari liko kwenye yadi ya mabaki, lakini Mnoko ana betri yake, bado anatuma habari. Juzi juzi nilikuwa napanga vyombo, simu ikatetemeka: safari mpya imeanza. Nikafungua ramani, nukta inatembea. Sahani ilinidondoka. Nukta ikapita sokoni, ikapinda, ikaja upande wetu, nami nikafungua mlango nikasimama kizingitini kama zamani nikimsubiri. Nilijua haiwezekani, na bado nilirekebisha khanga yangu. Ikapita bila kuingia mtaani. Nilipopiga yadi, mlinzi akaniambia walikuwa wanayavuta mabaki kuyahamishia yadi nyingine. Kisha simu ikauliza, kama inavyouliza baada ya kila safari: ulikuwa dereva au abiria? Ile safari yake ya mwisho nayo bado inauliza. Sijajibu hata moja, naogopa nikijibu itafungwa.

Siku ya hukumu mama yako alinishika mkono tukiwa tunashuka zile ngazi, akaniambia, "Mwambie mwanangu apige. Nimebaki na mmoja, na huyo naye simsikii." Ndiyo hasa sababu ya barua hii.

Binti yako anakusalimu, na amesema nikuandikie kuhusu meno. Shangazi yenu mshonaji anakusalimu, suruali yako bado anayo na anadai umenenepa bila kukuona. Mungu akurudishie usingizi wako, na akuweke mahali salama kila ukivuka barabara.

Jumapili ijayo piga namba ya kaka yako. Itaita sana, usikate. Nitapokea nikishakaa, nikusikilize vizuri.

Mimi wako nikupendaye hata usipopokea,
Shemeji yako.