Sikumvusha Ilunga

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Tunduma, Wilaya ya Mbozi
Ijumaa, 19/08/2011, saa 3:20 asubuhi

Jina: Lusubilo Mwampashe. Umri: miaka 53. Kazi: mkulima na dalali wa mahindi. Makazi: Mpemba. Elimu: darasa la nne.

Mimi ninajulikana kuanzia Mpemba hadi Mkwajuni, hata Wazambia wa Nakonde wananiita Batata, yaani baba. Nimekuja kwa miguu yangu, sikukamatwa.

Mnamo tarehe 5/2/2011, saa 8 mchana, tulikaa Mpemba kupokea mahari ya Tabita, binti wa marehemu dada yangu. Mchumba ni Ilunga, Mkongo, fundi viatu, aliyeomba hifadhi ya ukimbizi hapa nchini. Alikuja na mshenga tu, ndugu hana. Shemeji yangu Mika, baba wa Tabita, akagoma. Akasema, "Kesho akitoroka na binti, tukamtafute Kongo kwa nani?" Kwetu lazima asimame mtu anayemjua bwana harusi alikotoka. Tabita alikuwa chumbani analia, tunamsikia.

Nikasimama mimi. Nikasema, "Namjua! Nilimvusha mwenyewe mpakani kwa njia ya panya, nimembeba mgongoni kama gunia, mbwa wa askari nyuma yetu. Mbwa wawili niliwakaba koo." Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mahari ikapokelewa.

Ombi la Ilunga lilikataliwa mwezi wa sita, akakata rufaa. Juzi Jumatano uhamiaji walimkamata. Maneno yangu yalikuwa yamewafikia. Walimwambia, wewe uliandika kwamba ulipita getini ukajisalimisha, kumbe ulivushwa; umedanganya, Ijumaa unarudi kwenu.

Jana jioni Tabita alinijia. Alisema, "Mjomba, mara hii moja tu, sema ilivyokuwa." Nikamwambia, nikisema, wazee watadai mumeo hajulikani. Akajibu, "Bora wadai hivyo, lakini akiwa yupo."

Koplo anayeniandikia maelezo haya ameniambia, "Mzee, mvushaji gani asiyekana?" Ni kweli. Ndiyo maana nimeleta kadi ya zahanati ya Ibaba. Ilunga anasema aliingia tarehe 14/6/2008. Siku hiyo nilikuwa nimelazwa, mguu umevunjika. Watu niliwaambia ni nyati. Hakuna nyati. Niliteleza kwenye ngazi ya ghala la mahindi. Ilunga nilimwona mara ya kwanza mwezi wa tisa mwaka huo, akinishonea kandambili.

Nimeulizwa, basi aliingiaje? Sijui. Sikuwepo.

Hayo ndiyo maelezo yangu, sikulazimishwa na mtu.

Sahihi: L. Mwampashe

Maelezo haya nimeyaandika mimi, WP Koplo Anastazia, nikamsomea shahidi, akakubali kuwa ni sahihi. Kadi ya zahanati nimeiona. Jina na tarehe vinalingana. Nilimuuliza kama ana la kuongeza, akasema hana. Nakala niliipeleka uhamiaji mwenyewe saa 4:35. Gari la kumrudisha Ilunga lilikuwa limewashwa, halijaondoka.