Ada Haina Kamati ya Maandalizi

Alhamisi. Upepo umevuma tangu asubuhi hapa Mjimwema, vumbi limeingia mpaka kwenye chai. Nimeinywa hivyo hivyo. Kuna siku mtu hachagui.

Wanaonifahamu hawaniiti jina, wananiita Mwenyekiti. Si wa chama wala wa mtaa. Ni wa kamati za harusi. Anayetaka kuoza mtoto upande huu wa Songea hunitafuta mimi, maana nina kipaji kimoja tu duniani: kumtoa mtu mchango huku anacheka. Dukani kipaji hicho hakinifuati. Mke wangu husema kama ningeuza mbolea na mbegu kama ninavyouza kadi za michango, tungekuwa na ghorofa.

Sasa binti yetu Editha amemaliza kidato cha sita, na amefaulu kupita akili za baba yake, jambo ambalo naambiwa si gumu. Yakaja mawili kwa mpigo. Serikali ikampa ufadhili: ada yote, chuo cha umma, hapa hapa nchini, asomee uhandisi wa umeme. Na chuo kimoja cha ng'ambo, ambacho ukitaja jina lake watu wanakaa vizuri kwenye kiti, kikamkubali asomee kubuni ndege. Hicho kilipunguza ada kidogo. Iliyobaki mtajua wenyewe.

Ndege ndiyo ndoto yake. Tangu mdogo, tukiwa shambani tunapalilia, ikipita ndege ya kwenda kutua Ruhuwiko, jembe linalala. Nilikuwa namtania kwamba mahindi yetu yana magugu kwa sababu ya ratiba ya ndege.

Nilitaka aende ng'ambo. Niseme ukweli: nusu kwa ajili yake, nusu nipate la kusimulia baada ya misa.

Duka lote likiuzwa, halimfikishi mwaka wa pili. Ndipo likanijia wazo ambalo mwenyekiti wa harusi peke yake angelipata: niunde kamati. Kama watu wanachangia ukumbi, keki na matarumbeta, ada itawashindaje? Jumapili nikaita ukoo na wanakamati wenzangu, watu ambao nimehangaikia harusi zao mpaka sauti ikakauka. Mke wangu akachinja kuku.

Walikula vizuri sana.

Editha akiwazungukia na birika na beseni kuwanawisha, nikasimama na hotuba yangu. Wa kwanza kujibu alikuwa Osmundi, mtoto wa baba yangu mdogo.

"Kaka, harusini mtu anachanga, anakula, anacheza, anarudi kwake. Huko chuoni tutacheza wapi?"

"Na serikali si imeshampa?" akadakia shangazi Skolastika. "Mtoto kapewa wali, wewe unatudai pilau?"

"Mtafutie mchumba, Mwenyekiti," Osmundi akamalizia. "Jumapili ijayo pesa zote mezani."

Wakacheka. Kile kicheko kizuri cha watu walioshiba.

Na mimi nikacheka.

Ni mazoea. Miaka yote nimeamini kwamba pesa hutoka penye kicheko. Safari hii kicheko kilikuja peke yake. Editha wakati huo alikuwa ameinama mbele ya Osmundi, anammiminia maji. Hakumwaga hata tone nje ya beseni.

Leo asubuhi kaniambia ameshathibitisha ufadhili wa serikali, kwa simu yake, bila kumsumbua mtu. Nikamuuliza ameamua lini.

"Pale nilipokuwa nawanawisha, baba."

Akachukua ufagio, akaenda kufagia uwanja, katika upepo huu.

Sina ugomvi na ufadhili. Kuna wazazi kule Namtumbo wamelima tumbaku mpaka migongo imepinda, na watoto wao hawakuupata. Umeme nao ni elimu, na pengine hata bila kikao kile angechagua hivi hivi. Ana busara kuliko mimi. Ninachotafuna ni kwamba sitajua. Tulitakiwa tukae sisi watatu, tupime chuo na chuo, ndoto na mfuko, tubishane, hata tulie kidogo. Badala yake mwanangu alipima peke yake, juu ya beseni la maji ya mafuta ya kuku, huku baba yake anachekelea.

Jioni hii kundi la ukoo kwenye simu limejaa pongezi. Shangazi ameandika kwamba Mungu hamtupi mja wake. Osmundi ameandika kwamba alijua tu njia itafunguka. Chini yake, bila hata kupumua, ametangaza kwamba kijana wake Kasiani anaoa Desemba, na kikao cha kwanza ni Jumapili kwa Mwenyekiti, kama kawaida.

Kama kawaida.

Nimekaa na simu mkononi mpaka chai ya pili ikapoa. Mke wangu akachungulia, akaguna, akaondoka. Kisha nikaandika: "Jumapili karibuni. Njooni mmekula kwenu. Wa kuwanawisha anajiandaa na chuo."

Nikatuma. Nikangoja mtu mmoja tu aone aibu.

Osmundi kajibu papo hapo: "Hamna shida, Mwenyekiti. Soda zitakuwepo?"