Fundi cherehani anatafuta saa ya kuvaa dukani na porini

Mshauri wangu mpendwa,

Kabla sijaomba msaada naomba radhi, kwa kuwa niliwahi kukuandikia kuhusu mwenye nyumba aliyekataa kutengeneza ngazi ya kupandia dukani kwangu, ukanijibu vizuri, ngazi ikatengenezwa, wateja wakaacha kujikwaa, nami nikakaa kimya muda mrefu bila hata neno la shukrani, jambo ambalo mke wangu hunikumbusha kila anaposoma ukurasa wako. Leo narudi na jambo dogo kuliko ngazi, lakini limeninyima raha: nataka kununua saa ya mkononi, moja tu, nitakayoivaa kazini siku zote na porini katika msimu wa kuwinda, na kadiri ninavyochunguza ndivyo maswali yanavyozidi.

Mimi ni fundi cherehani, nashona zaidi suti na nguo za harusi, na saa niliyo nayo ni ya kutia ufunguo, ya chuma kinachong'aa, niliyopewa na baba mkwe siku nilipooa, naye sasa ni marehemu. Dukani ina kasoro moja, nayo ni bizimu ya mkanda, ambayo mwaka juzi ilinasa hariri ya gauni la bibi harusi ikavuta uzi kutoka kiunoni hadi karibu na pindo, nikalazimika kuuficha mstari ule kwa shanga ambazo mwenye gauni hakuziomba, akazipenda, akataka ziongezwe. Kwa hiyo tangu hapo naivua na kuitundika kwenye msumari juu ya cherehani, mahali ambapo kila anayeingia anaiona, na hapo inanifaa kwa namna nyingine, maana huiweka nyuma kidogo, robo saa hivi, kwa ajili ya wateja wenye haraka.

"Fundi, uliniambia saa kumi," mteja huanza kabla hajafika mlangoni.

"Tazama mwenyewe, dada, haijafika," nami namwonyesha msumarini huku nikimalizia vifungo.

"Mbona simu yangu inasema imepita?"

"Simu nazo zina haraka, kama wenyewe."

Anacheka, anakaa, nguo inakwisha, na kwa robo saa hajaumia mtu.

Porini mambo ni mengine. Nawinda na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyenifundisha hata kutembea bila kuvunja kijiti. Tuna vibali, na hatutoki kabla msimu haujafunguliwa. Yeye ndiye wa kwanza kuicheka saa yangu. "Shemeji," aliniambia, "hiyo swala wanaitumia kama kioo, wakitaka kujitazama pembe." Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza mengi. Je, mnyama husikia mlio wa saa ya ufunguo? Nilijaribu nyumbani, nikaiweka mezani nikafumba macho, nikawa narudi kinyumenyume mpaka nisiisikie tena, mke wangu akaingia akanikuta mgongo umegota kabatini. "Baba watoto, umeanza lini?" akauliza. Je, mkanda wa ngozi uliokunywa jasho hunuka kuliko mkanda wa mpira? Katika duka la saa nilinusa mikanda yote, hadi muuzaji akaniuliza kama nimekuja kununua au kula. Je, mishale inayong'aa gizani huonekana na macho ya mnyama kama yanavyoiona macho yetu? Hakuna aliyenijibu hata moja.

Muuzaji yule alinionyesha saa nzuri kwa kila hali: nyeusi isiyoakisi jua, mkanda wa mpira laini usionasa kitambaa, haipigi kelele. Nikaipenda. Kisha akasema, "Tena hii, mzee wangu, inapokea saa kutoka setilaiti. Hata ukiirudisha nyuma, inajirekebisha yenyewe."

"Hilo linaweza kuzimwa?" nikauliza.

"Ulizime kwa nini?"

Nikamrudishia. Duka langu lina mahitaji yake.

Nina haraka kwa sababu msimu unakaribia, na pia kwa sababu ya shemeji. Namna yetu ya kuwinda ni hii: yeye hukaa juu ya kilima na bunduki, mimi napita vichakani upande wa pili nikiwasogeza swala taratibu washuke bondeni, na tunakubaliana saa ambayo ni lazima mimi niwe nimekwisha kulivuka bonde na kukaa nyuma ya mawe, kwa maana saa hiyo ikishafika, chochote kinachotikisa majani bondeni ni chake. Simu kule hazishiki. Msimu uliopita nilikuwa katikati ya bonde, nikijua nina muda wa kutosha, hata nikainama kutazama nyayo, mara risasi ikapiga mti ulio kando yangu na gome likanirukia shingoni. Shemeji aliteremka mbio, akaniona, akaiweka bunduki chini, akakaa kando yake. "Niliitazama saa, shemeji," alikuwa akisema. "Haki ya Mungu, niliitazama saa." Nikamwambia yamekwisha, Mungu ametuepusha, na tukakubaliana kwamba mke wangu asijue.

Lakini kwake hayakwisha. Alipeleka saa yake kwa fundi wa saa, akaambiwa ni nzima. Akaenda kwa daktari wa macho, akaambiwa anaona vizuri kwa umri wake. Hakumwamini hata mmoja. Anasema moto wa kuchomelea umemwibia macho bila yeye kujua, na kwamba mtu asiyeweza kusoma saa hana haki ya kushika bunduki wala kuunganisha lango la nyumba ya mtu. Mwisho wa mwezi huu anaikabidhi karakana yake kwa mwingine. Kwetu haji tena kula, na mke wangu ananiuliza kaka yake amepatwa na nini, nami nasema labda ni uchovu. Wakati mwingine nikiwa natia ufunguo saa yangu namfikiria, sijui kwa nini.

Basi, mshauri wangu, nilitaka kununua saa nzuri ili shemeji aione, apate moyo, turudi porini kama zamani. Je, nichukue ya mpira au ya kitambaa? Yenye mishale inayong'aa au isiyong'aa? Nikishaamua nitakuandikia bila kukawia, sitarudia kosa la ngazi.

Wako,
Fundi wa Ghorofani

*

Ndugu Fundi wa Ghorofani,

Shukrani za ngazi nimezipokea. Sasa tua mkasi, ukae, kwa sababu sina maneno marefu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, hasa pale kabati lilipokupokea. Mara ya pili niliacha chai ikapoa. Umenieleza jinsi mkanda wa ngozi unavyonuka. Umenieleza urefu wa uzi ulioharibika kwenye hariri. Umenieleza kwamba saa yako hukaa msumarini ikiwa nyuma robo saa. Kisha umenipeleka bondeni, ukiwa na saa hiyo hiyo mkononi, "ukijua una muda wa kutosha". Kuna jambo moja hukunieleza, nami nakuuliza mbele ya wasomaji wote: asubuhi ile ulipoitoa msumarini, uliirekebisha?

Kama uliirekebisha, nisamehe. Sidhani kwamba uliirekebisha. Mtu aliyeirekebisha asingemwuliza muuzaji kama usahihi unaweza kuzimwa.

Nakuonea huruma, na sisemi hivyo kwa adabu tu. Ulikosa kufa kwa upana wa gome la mti, na hofu ya namna ile humfanya mtu azungumze habari za mikanda. Hukumdhulumu shemeji yako kwa makusudi. Ulisahau, kama mtu anavyosahau miwani kichwani. Lakini tangu siku ile umekuwa ukimtazama mtu mzima mwenye akili timamu akienda kwa fundi wa saa, akienda kwa daktari, akirudi na majibu mazuri na kuyatupa, nawe unamwambia dada yake kwamba ni uchovu. Uchovu gani? Saa yake ilikuwa sahihi. Macho yake yalikuwa sahihi. Aliyekuwa bondeni wakati usio wake ni wewe, na ni wewe peke yako uwezaye kumwambia hivyo akaamini. Unasema hajaumia mtu kwa robo saa. Mwisho wa mwezi ataiacha karakana aliyoijenga kwa mikono yake kwa ajili ya robo saa hiyo.

Kwa hiyo utafanya hivi. Utakwenda kwake kabla hajakabidhi funguo kwa mtu, tena karakanani, mchana, mahali anapofanyia kazi. Usimpelekee zawadi, maana akiiona zawadi atadhani umekuja kumliwaza. Chukua saa yako ikiwa nyuma kama inavyokaa dukani, iweke juu ya meza yake ya chuma kando ya saa nyingine yoyote, na umwambie, "Shemeji, hii ndiyo niliyoivaa siku ile." Kisha nyamaza. Akikasirika, mwache akasirike; ana haki ya hasira hiyo, na itamfaa kuliko hofu aliyo nayo sasa. Usianze kumweleza habari za wateja wenye haraka. Atazijua mwenyewe, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kushonewa suruali asiyezijua. Mimi nina gauni kwa fundi wangu tangu mvua za kwanza, na tangu nilipoisoma barua yako nimeanza kuitazama saa yake ya ukutani kwa jicho jingine.

Mkeo naye aambiwe. Ni kaka yake, na ni mume wake aliyekuwa nusura aletwe nyumbani amebebwa. Umeniambia kwamba husoma ukurasa huu. Gazeti likiwa bado mkononi mwako, likunje, umwite, umwambie kwa kinywa chako. Ikiwa amekutangulia kulisoma, utamkuta mlangoni ameshavaa viatu. Usimzuie, mfuate.

Sasa saa yenyewe, maana uliuliza nami sitaki useme nimekukwepa. Wewe ni fundi cherehani, ndugu yangu, na bado unahangaika jinsi ya kukifunika kitu cha ukubwa wa kifungo cha koti! Chukua kipande cha kitambaa kizito cha rangi ya majani makavu, kishone kiwe mkanda mpana wa kuzunguka mkono wenye kifuniko cha kufunuliwa kwa kidole. Bizimu itajificha ndani na hariri haitanaswa. Chuma hakitang'aa, na mlio utapungua. Swala akitaka kujitazama pembe atatafuta maji. Kuhusu harufu, wasiwasi wako ni wa bure: mnyama atakayeunusa mkanda wako atakuwa ameshakunusa wewe mzima muda mrefu kabla yake. Saa ya baba mkwe inatosha kabisa, kwa sharti moja: iwe sahihi msumarini kama iwapo mkononi. Mkiwa porini, kabla hamjatengana, saa zenu ziwekwe katika kiganja kimoja, zilinganishwe, ndipo kila mtu ashike njia yake.

Na kama hujiamini, kama unajua kwamba mteja wa kwanza mwenye kelele atakufanya uirudishe nyuma tena, basi rudi kwa yule muuzaji ukanunue ile nyeusi. Sifa iliyokufanya uiache ndiyo sifa unayoihitaji. Nguo iliyoahidiwa saa kumi, imalize saa kumi, au uahidi saa kumi na moja.

Kati ya saa hizo mbili sikuchagulii, nawe usijichagulie. Atakayekaa kilimani akiitazama saa yake huku wewe uko bondeni ni shemeji yako, kwa hiyo uchaguzi ni wake: kama atakwenda nawe tena, na ukiwa umevaa ipi. Akisema hapana, hilo nalo ni jibu, na utalipokea bila kununa. Uliniahidi kuniandikia ukishaamua. Nakubadilishia ahadi hiyo: niandikie yeye akishaamua, nami nitakujibu siku ile ile barua yako itakapofika.

Mshauri wako