Misa ya Mwigizaji wa Marekani

Jumapili

Hadi leo sikuwa nimemwambia mtu. Yule marehemu Maria aliyeombewa kanisani leo si shangazi yangu. Ni mwigizaji wa sinema wa Marekani.

Nilimsoma katika gazeti la zamani la masista. Alianza kwa kuuza soksi dukani, akawa nyota enzi za sinema zisizo na sauti. Sinema zilipoanza kusema, watu wakaicheka sauti yake na kazi ikaisha. Alikufa katika chumba cha kupanga, wala hakuna aliyekwenda kumzika. Mimi nami wenzangu hunicheka nikisimama kusoma darasani. Nilitaka aombewe misa, lakini padre ningemwambiaje? Nikasema ni shangazi yangu wa Kasanga.

Mchana jirani yetu, Mama Kaserida, alikuja na ungo wa unga wa ulezi, analia toka njiani.

"Poleni jamani! Mbona mmefiwa kimya kimya?"

Mama akanigeukia. "Yustina, shangazi yupi? Baba yako ana dada mmoja tu, na jana alikuwa hapa anamaliza ugali wangu!"

Tangu tuhamie kijiji hiki cha ujamaa, Mama Kaserida hajavuna chakula cha kumtosha. Na bado alituletea.

Nikasema yote, macho chini.

"Kwa hiyo huyo Mzungu hakuzikwa na mtu?" Mama Kaserida akauliza.

"Hakuna, mama."

Akafuta machozi. Afadhali angenigombeza.

Nikajitwika ungo, nikamrudishia unga wake hadi jikoni kwake. Kisha nikaenda kwa padre, nikamweleza.