Jina la Mdogo Wake Bibi Halyna

Ingleburn, Sydney
Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na huko Wundanyi mmepata mvua ya kupandia? Mimi mwili ni mzima. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu ungesikia sauti yangu tu ukaanza kuniombea.

Bado niko kwenye kazi ya kutunza wazee, na siku za ofu bado napiga filamu zangu za historia ya Ukraine. Najua utasema, "Wakesho, umekosa historia ya kwenu?" Hata Wakenya wenzangu kanisani huniuliza hivyo, na wale wenye fedha za kusaidia filamu waliniuliza mimi na Ukraine wapi na wapi, wakafunga faili. Basi natumia mshahara wangu. Kamera moja, maikrofoni moja, na mtu mmoja ambaye ni mimi. Filamu ya pili nilipoionyesha ukumbini walikuja watu tisa. Nikarudi na treni, nikala wali wa jana nimesimama. Kuna wiki inaisha sijaongea Kiswahili na mtu yeyote. Upweke huu sijauzoea, mama.

Aliyenitia kwenye mambo haya ni Bibi Halyna, niliyekuwa namwogesha na kumvisha pale kazini. Alikuwa anakaribia miaka mia. Alipokuwa mtoto kule Ukraine, watu wa serikali walipita nyumba kwa nyumba wakichukua nafaka yote, hata maharagwe yaliyokuwa chunguni, na watu wakafa njaa. Hakuwahi kumsimulia mtu, hata binti yake Olena. Akanisimulia mimi, labda kwa kuwa nami ni mgeni hapa. Wote wawili wakakubali nirekodi, nikawa naenda kwa Olena, kule Penrith, kila Jumamosi bibi alipopelekwa huko kula chakula cha mchana.

Jumamosi ya mwisho bibi akafika kwa mdogo wake wa kiume, aliyefia mapajani mwake. Akasema, "Sijalitamka jina lake tangu siku ile." Akalitamka. Nami unajua ulivyotulea: mzee akisimulia msiba hukai kimya kama jiwe, unamwitikia. Nikasema, "Pole, bibi, pole sana," palepale, maikrofoni mkononi. Jina lilikuwa geni, sikulishika. Sikumwomba arudie, maana ningeanzaje kumrudisha mzee kwenye kilio chake? Nikajiambia limo kwenye rekodi.

Siku ya tano baada ya hapo bibi akafariki. Olena akanipigia. Kanisani kwao majina ya marehemu wa familia husomwa kwa sauti, moja moja, naye alitaka la mjomba wake lisomwe pamoja na la mama yake. Nikasikiliza mpaka masikio yakauma. Inasikika "pole" yangu, na chini yake pumzi ya bibi, basi. Nilimpelekea fundi wa sauti kule Cabramatta. Akajaribu kwa mashine zake zote, akatikisa kichwa: sauti yangu ilikuwa karibu mno, imeimeza yake.

Nilikwenda Penrith kumwambia Olena uso kwa uso. Hakunifokea. Alinimiminia chai, akasema, "Basi watasoma: na mdogo wake." Ndivyo ilivyosomwa jana. Wengine wote walikuwa na majina. Nilisimama nyuma peke yangu, nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Nisalimie shangazi wa kwaya, na mjomba mwalimu, mwambie miwani yake nimeshaipata. Msalimie na mke wa kaka, ambaye najua ndiye anayekusomea barua hii. Wifi, hapa chini soma polepole.

Mama, kabla yangu ulizaa mtoto akafa. Mara mbili ulianza kunisimulia tukichambua mboga, na mara zote mbili nilikukatiza: tuyaache hayo, usije ukalia. Nilidhani nakuhurumia. Nina miaka thelathini na minane na sijui kama alikuwa kaka au dada. Nitakuja Desemba, bila kamera. Nitakaa nawe jikoni, na ukilia, lia. Mimi nitanyamaza mpaka unitajie jina lake.

Bintiyo,
Wakesho