Nusu ya Vanila

Ambohitsara, Antalaha
28 Juni 2019

Mpendwa Kaka Jaotody,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mvua. Magoti yako yanasemaje? Na shemeji, kile kikohozi kimemwacha? Sisi wazima wa mwili, ila mimi sikai nikatulia.

Zimebaki siku kumi na mbili mavuno yafunguliwe. Juzi wezi walipita kwa jirani yetu Bezara, wakabeba vanila yote ya upande wa mto. Iliyosalia ameikata ikiwa mbichi. Yetu tumeitoboa alama ya marehemu baba kwa sindano, ganda kwa ganda, lakini tangu lini mwizi akajali alama?

Nikate au nisubiri? Nikikata sasa haitakuwa na harufu, jasho la mwaka mzima limekwenda bure. Nikisubiri, huenda nikakuta mashina matupu. Unanijua mdogo wako. Mama alinituma chumvi nikarudi mikono mitupu, kuuliza ya mawe au ya unga. Hata msimu wa kuchavusha, ua linafunguka asubuhi moja tu, mengine yamenyauka nikiwaza nianze safu ipi.

Shemeji yako Soavelo ni wa kuotea mbali. Tangu Jumatatu amehamia kwenye kibanda cha shambani na panga lake. Nimemsihi arudi, hataki kusikia. Jana asubuhi nikatafuta njia ya katikati: nikakata nusu. Aliponiona na kikapu wala hakufoka.

"Baba Felana," akasema, "hiyo nusu uliyokata nani ataitaka? Na nusu iliyobaki mlinzi ni mimi yuleyule. Sasa umeniokoa na nini?"

Kaka, maneno hayo yananitafuna. Siililii vanila mimi, naogopa wamkute peke yake. Ndiyo maana nilikaa kukuandikia, uniamulie wewe. Kisha nikakumbuka kwamba barua hadi ikufikie, nawe ujibu, mavuno yameshapita. Nilijiona mjinga.

Mistari hii naiandikia kibandani, meza ni goti. Nimekuja na mkeka na sufuria ya wali. Soavelo aliutazama mkeka, akasogea. Bado nashtuka kila jani likidondoka, lakini nipo.

Basi usinitumie ushauri. Nisalimie shemeji, na binti yenu Volasoa na mwanawe. Mababu watuangalie sote, huko na huku.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, ambaye leo sikurudi kuuliza,
Tombozara